Kubadilishana karo kati ya vyuo vya Marekani: mwongozo kamili kwa mzazi anayefanya kazi chuoni

Anayefanya kazi katika chuo kikuu cha Marekani, awe profesa, mkutubi, fundi wa umeme au mlinzi wa zamu ya usiku, kwa kawaida anajua kwamba mwanawe anaweza kusoma pale pale kwa karo iliyopunguzwa au iliyofutwa kabisa. Wengi hawajui kwamba faida hiyo inaweza kuvuka geti. Mamia ya vyuo, karibu vyote vya binafsi, vimekubaliana kupokea watoto wa wafanyakazi wa wenzao: wangu asome kwako, wako asome kwangu, na hakuna anayemwandikia mwenzake hundi. Ni upatu, ila kinachozungushwa ni viti vya darasani badala ya fedha.

Karo ya vyuo vingi vya binafsi Marekani imepita dola 40,000 kwa mwaka, kwa hiyo thamani ya miaka minne inaweza kuzidi kile ambacho mzazi mwenye mshahara wa kawaida angeweka akiba kwa miaka kumi na tano. Ndiyo maana wengine huchukua kazi ya chuo yenye mshahara mdogo kwa ajili ya faida hii peke yake. Siwalaumu. Lakini mwenye mpango huo ajue mapema kwamba katika mipango mingi hili ni shindano, halikuahidiwa mtu. Mtoto anaweza kuwa na alama nzuri, mzazi akawa na miaka kumi kazini, na jibu bado likawa hapana. Kuna milango miwili: chuo chako kikubali kumtoa, na chuo kingine kikubali kumpokea kwa masharti hayo. Wazazi huhangaika na mlango wa pili na kuusahau wa kwanza, ambao ndio unaofungwa mapema.

Jua uko kwenye mpango upi

Usiulize tu "tuna faida ya karo?" Uliza ni ipi, maana kuna za aina tatu na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni msamaha wa karo katika chuo unachofanyia kazi. Hii ndiyo imara kuliko zote: ukitimiza masharti na mtoto akidahiliwa, anaipata.

Ya pili ni fedha taslimu za karo. Vyuo vyenye utajiri mkubwa hulipa sehemu ya karo ya mtoto popote anapokwenda kusoma. Stanford, kwa mfano, huchangia mpaka nusu ya karo ya Stanford yenyewe. Ukiwa na faida ya namna hii huhitaji kubembeleza chuo kingine chochote. Soma masharti yake kisha uruke sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Ya tatu ni kubadilishana karo, na humo ndani kuna mipango kadhaa. Mkubwa ni Tuition Exchange, ulioanza mwaka 1954 na wenye vyuo wanachama zaidi ya 600, vikiwemo vichache nje ya Marekani. Upo wa Council of Independent Colleges, unaojulikana kama CIC-TEP, wenye vyuo zaidi ya 400, vingi vikiwa vidogo. FACHEX ni wa vyuo vya Wajesuiti, kama Marquette, Creighton na Gonzaga. Vyuo vya Kikatoliki vina mpango wao mwingine, vyuo vya Kikristo vilivyo chini ya umoja uitwao CCCU vina wao, na vyuo vya ukanda wa Maziwa Makuu ya huko, chini ya umoja uitwao GLCA, vina wao ambamo familia hulipa mchango fulani. Chuo kimoja kinaweza kuwa kwenye mipango miwili au mitatu kwa wakati mmoja. Omba orodha yote. Wapo wazazi wanaokazana na Tuition Exchange huku CIC-TEP imelala hapo hapo kwenye meza ya ofisa yule yule.

Tofauti kati ya hii miwili inastahili kueleweka vizuri, maana hapo ndipo bahati ya mtoto inapoamuliwa.

Katika Tuition Exchange kuna hesabu ya waliotoka na walioingia. Chuo kinachotuma wengi kuliko kinavyopokea kinajikuta na deni, na deni likizidi kinaweza kuzuiwa kutuma wapya. Kwa sababu hiyo chuo chako kinaweza kuwaambia wafanyakazi wake kwamba mwaka huu nafasi za kutoka ni nne tu, hata kama waombaji ni ishirini. Upande wa pili nako kuna hesabu. Chuo chenye jina kubwa, ambacho viti vyake vyote vingejaa wanafunzi wanaolipa, hakina haraka ya kumpa mtoto wako kiti cha bure. Chuo chenye viti vitupu, au chenye deni la kutuma wengi, kinamhitaji mtoto wako ili mizani yake ikae sawa.

CIC-TEP haina mizani hiyo. Kila chuo mwanachama hukubali kupokea angalau wanafunzi wapya watatu kila mwaka, bila kujali kimetuma wangapi. Vingi hupokea zaidi ya hapo. Ni mpango usio na majina yanayong'aa, lakini kwa mtoto mwenye alama za kati ndio wenye matumaini makubwa zaidi, na mzazi anayeudharau anajipunja.

Hatua ya kwanza: hakikisha wewe na mtoto mnastahili

Anza na hati yako ya mshahara. Ni nani anayekulipa? Kwenye vyuo vingi wapishi wa mabwalo, wafanya usafi na walinzi wameajiriwa na kampuni za nje zilizopewa kandarasi. Unavaa sare yenye nembo ya chuo, unaingia kwa kadi ya chuo, lakini mwajiri wako ni kampuni, na faida ya karo ya chuo haikuhusu isipokuwa kandarasi iseme vinginevyo. Hili huwavunja moyo watu wengi, tena mara nyingi wanalijua mtoto akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Ikiwa hali yako ni hiyo, angalia nafasi zinazotangazwa na chuo chenyewe. Kazi inaweza kuwa ile ile na mshahara ule ule, tofauti ikawa faida hii.

Ukishajua mwajiri ni chuo, tafuta muda wa utumishi unaotakiwa. Kila chuo hujipangia: vingine hutaka mwaka mmoja, vingine mitatu, vingine mitano, na aghalabu lazima uwe mwajiriwa wa muda wote. Walimu wa vipindi wanaolipwa kwa kozi kwa kawaida wako nje. Uliza pia miaka inahesabiwa kuanzia lini na inatakiwa iwe imetimia siku gani: siku ya kutuma fomu, au siku mtoto anapoanza masomo? Tofauti ya miezi kumi kati ya tarehe hizo inaweza kukunyima mwaka mzima.

Sasa mtoto. Sheria ya kodi ya Marekani, ambayo vyuo vingi huifuata, inamtambua mtoto wa kuzaa, wa kambo, wa kuasili kisheria na yule aliyekabidhiwa kwako na mamlaka kwa malezi, mradi awe tegemezi wako kwa maana ya kodi. Kwa mwanafunzi wa muda wote, hiyo mara nyingi hufika hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Wazazi walioachana wasiogope: kwa faida hii, mtoto wao kwa kawaida huhesabiwa tegemezi wa wote wawili, hata kama mmoja tu ndiye anayemwandika kwenye fomu ya kodi.

Penye ugumu kwa familia zetu ni mtoto wa kaka au wa dada unayemlea. Kwako ni mwanao, na pengine unamwandika kama tegemezi kwenye kodi kila mwaka. Kwa faida ya karo hiyo haitoshi. Bila kuasiliwa kisheria au kukabidhiwa rasmi, haingii. Kuasili huchukua muda, tena mtoto akishavuka umri uliowekwa na sheria ya uhamiaji matokeo yake mengine hubadilika. Kama una nia hiyo, mwone wakili akiwa bado mdogo, asisubiriwe afike kidato cha mwisho.

Kuhusu hadhi ya uhamiaji: mwajiriwa mwenye viza ya kazi ya H-1B anaweza kustahili kwa kanuni za chuo chake sawa na mwenzake raia, kwa sababu kinachoangaliwa ni ajira. Shida hutokea kwingine. Mtoto mwenye H-4, yaani viza ya wanafamilia wa mwenye H-1B, hawezi kupata misaada ya serikali kuu kupitia fomu ya FAFSA, ambayo vyuo vingi hudai, kwa hiyo uliza mapema watamkubalia kwa njia gani bila fomu hiyo. Halafu H-4 hukoma akitimiza miaka 21, yaani katikati ya masomo, na atalazimika kuhamia viza ya mwanafunzi au hadhi nyingine. Wenye kadi ya ukaazi wa kudumu, wakimbizi na waliopewa hifadhi hujaza FAFSA kama kawaida.

Hatua ya pili: mtafute ofisa mratibu, na mtafute mapema

Kila chuo mwanachama kina mtu anayeshughulikia mabadilishano haya. Mara nyingine yuko idara ya rasilimali watu, mara nyingine ofisi ya misaada ya kifedha, mara nyingine udahili. Jina lake hupatikana kwenye tovuti ya mpango wenyewe, chini ya jina la chuo chako. Huyu ndiye mwenye ufunguo wa mlango wa kwanza, na kwa kawaida ana kazi nyingine tatu juu ya hiyo. Mwandikie mtoto akiwa mwaka wa pili wa sekondari ya juu, kabla msongamano haujaanza.

Swali la maana kuliko yote ni hili: chuo chetu huchaguaje nani atoke ikiwa waombaji wamezidi nafasi? Vyuo vingine hupanga kwa miaka ya utumishi, na hapo mfanyakazi wa miaka ishirini atakutangulia hata akija dakika ya mwisho. Vingine hupiga kura. Vingine hutazama nani aliwahi, au hutanguliza familia ambayo haijawahi kutumia faida hiyo. Usipojua kanuni, hujui hata kama una sababu ya kutumaini.

Kisha uliza miaka mitatu iliyopita waliomba wangapi na walitoka wangapi. Uliza kama familia yenye watoto wawili inaruhusiwa kuwatoa wote kwa wakati mmoja. Uliza nani analipa ada ya ushiriki ya mpango. Na uliza mtoto anayetaka kutumia mabadilishano analazimika kwanza kuomba chuo cha nyumbani au la. Majibu yaandikwe kwenye barua pepe. Maneno ya mdomo ya ofisa ambaye mwakani atakuwa amehamia chuo kingine hayatakusaidia.

Hatua ya tatu: chagua vyuo kwa jicho la upande wa pili

Familia nyingi huandika orodha ya vyuo vizuri, kisha zinatafuta vipi viko kwenye mpango. Geuza utaratibu. Fungua orodha ya wanachama, ondoa visivyo na kozi anayoitaka mtoto, halafu kwa kila kilichobaki jiulize: hawa wana haja gani ya mwanangu?

Tovuti za mipango zina ukurasa wa kila chuo, na baadhi ya vyuo hutaja humo ni wanafunzi wapya wangapi hupokea kwa mwaka na alama wanazotazama. Chuo kinachosema kinapokea watano na chenye waombaji mamia usikifanye nguzo ya mpango. Kinachosema waombaji wote wanaostahili na kudahiliwa hupewa, hicho kiweke karibu. Angalia pia kama alama za mwanao ziko juu ya wastani wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa pale. Vyuo hutoa nafasi hizi kama tuzo ya ushindani, na mtoto anayepandisha wastani wao ana mvuto kuliko yule anayepenya kwa shida.

Wazazi hushangaa kukuta vyuo vya Ivy League, vile vikongwe vyenye majina makubwa, havimo, na vyuo vya serikali za majimbo ni vya kutafuta kwa tochi. Ndivyo ulivyo mfumo. Kilichobaki bado ni kikubwa: vyuo vikubwa vya utafiti vya mijini, vyuo vya uuguzi, vya uhandisi, vya sanaa, na mamia ya vyuo vidogo ambako mwalimu anamjua mwanafunzi kwa jina.

Orodha iwe na vyuo saba au nane vya mabadilishano, na angalau viwili visivyohusika kabisa na mabadilishano ambavyo familia inaweza kuvimudu: chuo chako mwenyewe na chuo kikuu cha jimbo, kwa mfano. Nasisitiza hili kwa sababu majibu ya kubadilishana karo huja mwishoni, na asiye na pa kuangukia atajikuta akisaini mkopo mwezi wa Mei.

Jambo moja zaidi ambalo halipendezi kulisema: vyuo vidogo vya binafsi Marekani vimekuwa vikifungwa. Kabla ya kumpeleka mtoto kwenye chuo chenye wanafunzi mia sita, soma habari zake za miaka miwili ya karibuni, na uangalie kama idadi ya wanafunzi inashuka mwaka hadi mwaka na kama kibali chake cha ubora kimewekewa onyo.

Hatua ya nne: maombi mawili, kalenda moja

Mtoto anaomba kudahiliwa kama mwanafunzi mwingine yeyote. Mzazi anaomba kubadilishana karo kupitia mratibu. Ni maombi mawili tofauti, na kukamilisha moja hakugusi lingine. Kila mwaka wapo wanaodhani chuo kikimdahili mtoto basi karo nayo imeshughulikiwa.

Mwaka wa mwisho wa sekondari hupangika hivi. Majira ya joto, kati ya Julai na Agosti, fomu za mpango hufunguliwa na mzazi anaorodhesha vyuo anavyotaka. Septemba hadi Novemba huja tarehe ya mwisho ya ndani ya chuo chako, ile ya kuamua nani atolewe. Hii hutofautiana sana na ndiyo inayopitwa kuliko nyingine yoyote. Oktoba 1 FAFSA hufunguliwa, ingawa ile ya mwaka wa masomo 2024–25 ilichelewa hadi Desemba 2023 na kuvuruga kalenda za vyuo vyote. Mratibu wako akishathibitisha kwamba unastahili, taarifa hupelekwa kwa vyuo ulivyovitaja, na kila kimoja kina tarehe yake ya kupokea, nyingine mapema kama Novemba au Desemba. Majibu huja kati ya Februari na Aprili. Mei 1 ndiyo siku ambayo kwa desturi mwanafunzi anatakiwa awe ameamua, lakini nafasi ya karo inaweza kupewa muda mfupi zaidi wa kujibu, kwa kuwa mkikataa nyinyi wanataka kumpa mwingine.

Kaa mbali na Early Decision, yaani kuomba mapema kwa ahadi ya kujifunga, mpaka uwe umeuliza. Mtoto aliyejifunga anapata jibu la udahili Desemba, wakati jibu la karo linaweza kuwa bado miezi mitatu. Chuo kinachojua kwamba mwanafunzi tayari ameahidi kuja hakina sababu kubwa ya kumpa kiti cha bure. Kuomba mapema bila kujifunga hakuna ubaya huo, tena baadhi ya vyuo huwatazama kwanza walioomba mapema.

Kama chuo kimemdahili na kimya kinaendelea upande wa karo, mratibu wako amwandikie mratibu wa upande wa pili. Barua ya mratibu kwa mratibu hujibiwa. Ya mzazi huzunguka ofisi tatu. Uliza pia kama kuna orodha ya wanaosubiri, maana nafasi hurudi mwishoni mwa Aprili watu wanapokataa.

Hatua ya tano: soma barua ya tuzo kwa kalamu mkononi

Neno "karo" kwenye barua hizi lina mipaka mikali. Halijumuishi malazi, chakula, ada za maabara na teknolojia, bima ya afya, vitabu wala nauli. Kwenye CIC-TEP chuo husamehe karo yote. Kwenye Tuition Exchange chuo kwa kawaida hutoa ama karo yote, ama kiwango maalumu kinachotangazwa kila mwaka, ambacho miaka ya karibuni kimezunguka dola 40,000. Kwenye chuo chenye karo ya juu, tofauti ni yako.

Tuchukue hesabu ya kubuni. Chuo cha kwanza kina jina: karo dola 56,000, ada 1,500, malazi na chakula 18,000, vitabu na bima 2,500. Kinatoa kiwango maalumu cha 40,000. Mzazi anabaki na dola 38,000 kwa mwaka. Chuo cha pili ni kidogo: karo 38,000 inasamehewa yote, ada 1,000, malazi na chakula 12,000, vitabu na bima 2,000. Mzazi anabaki na 15,000. Chuo kikuu cha jimbo, bila mpango wowote: karo na ada 11,500, malazi na chakula 13,000, vitabu 1,500, jumla 26,000. Tuzo kubwa kuliko zote imezaa bili kubwa kuliko zote. Na mtoto akilala nyumbani akasoma chuo unachofanyia kazi, bili yaweza kuwa chini ya hizo zote, jambo ambalo vijana wa miaka kumi na saba hawapendi kulisikia.

Sasa hesabu ambayo wazazi wengi hawaifanyi. Vyuo vya binafsi Marekani kwa wastani huwapunguzia wanafunzi wapya zaidi ya nusu ya karo iliyotangazwa, kupitia tuzo za ufaulu na misaada ya chuo. Ukipata mabadilishano, chuo mara nyingi huondoa tuzo hizo na kuweka hii mahali pake. Kwa hiyo thamani halisi ya kubadilishana karo ni tofauti kati yake na kile ambacho mtoto angepata hata hivyo. Kama chuo cha pili hapo juu kingempa tuzo ya ufaulu ya dola 24,000, mabadilishano yanakuongezea 14,000. Bado ni nyingi. Ila kumbuka kwamba tuzo ya ufaulu inafuata alama za mtoto, na hii nyingine inafuata kazi yako. Ukifukuzwa, ukiugua au ukichoka na bosi wako, tuzo ya ufaulu haitikisiki. Tofauti ikiwa dola elfu tatu au nne kwa mwaka na kazi yako haina uhakika, mimi ningechukua ya ufaulu.

Omba barua zote mbili ziwekwe mezani kabla ya kuchagua. Vyuo vingine vitakuonyesha, vingine vitakataa, kuuliza hakugharimu.

Uliza pia misaada ya serikali inakwenda wapi. Pell Grant, kwa familia za kipato cha chini, ilifika hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26. Baadhi ya vyuo huacha fedha hizo zilipe malazi na chakula; vingine huziingiza kwanza kwenye karo, kisha mabadilishano yanaziba kilichobaki. Kwa familia inayostahili Pell, swali hili moja linaweza kuamua chuo.

Hatua ya sita: kodi

Hapa kuna habari njema na mtego mdogo. Kifungu cha 117(d) cha sheria ya kodi ya Marekani, kilichoongezwa mwaka 1984, kinasema punguzo la karo ya shahada ya kwanza kwa mwajiriwa wa chuo, mwenzi wake na watoto wake tegemezi si mapato ya kutozwa kodi, liwe kwenye chuo chake au chuo kingine kinachostahili. Sharti mojawapo ni kwamba faida isiwapendelee wenye mishahara mikubwa. Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada uliokusudia kukifuta kifungu hicho. Sheria iliyotoka mwishoni ikakiacha.

Mtego uko kwenye shahada ya uzamili. Karo ya uzamili ya mtoto, hata chuo chako kikiilipa, huhesabiwa kama mshahara wako, na utakatwa kodi juu ya fedha ambazo hukuziona. Vilevile tuzo ikilipia malazi na chakula, sehemu hiyo ni mapato ya kutozwa kodi.

Tunza risiti za vitabu na ada. Karo iliyosamehewa haikupi nafuu ya kodi, lakini vitabu na ada za lazima ulizolipa mfukoni zinaweza kuhesabiwa kwenye nafuu iitwayo American Opportunity, ambayo hufika dola 2,500 kwa mwaka kwa gharama ya dola 4,000, ndani ya mipaka ya kipato. Na akiba ya akaunti ya 529, ile ya kuwekea fedha za masomo, haijapotea kwa sababu karo imesamehewa: inaweza kulipa malazi na chakula bila kodi, mradi mtoto anasoma angalau nusu ya mzigo wa kawaida.

Hatua ya saba: kuitunza miaka minne

Tuzo hufika kwa kawaida mihula minane, na kila mwaka mratibu wako anathibitisha upya kwamba bado umeajiriwa. Weka ukumbusho wako mwenyewe kila Novemba. Mtoto naye ana masharti: awe wa muda wote, alama zisishuke chini ya kiwango kilichoandikwa, mwenendo uwe safi. Muhula wa kiangazi na masomo ya ng'ambo mara nyingi hayamo, kwa hiyo aulize kabla ya kujaza fomu ya kwenda kusoma Ufaransa. Akibadili fani mwaka wa tatu na kuhitaji muhula wa tisa, huo ni wa kulipia.

Ukiacha kazi, kwa kanuni za vyuo vingi tuzo inakoma, mara nyingine mwisho wa muhula ule ule. Vyuo hutofautiana kuhusu kustaafu, ulemavu na kifo cha mzazi, na mengi huandikwa kwenye kitabu cha waajiriwa. Soma ukurasa huo sasa hivi, ukiwa mzima.

Ukipata kazi chuo kingine mwanachama, tuzo haihami nawe yenyewe. Chuo kipya kinaweza kukuanzishia upya kipindi cha kusubiri, na huenda nafasi zake za kutuma zimeshajaa. Jadili hili kabla ya kusaini. Vyuo vinavyoshikilia mshahara kwa nguvu wakati mwingine hulegea kwenye kipindi cha kusubiri, kwa kuwa hakiwagharimu kitu mwaka huo. Wakikubali, sentensi hiyo iingie kwenye barua ya ajira. Na kama mtoto amebakiza muhula mmoja, jaribu kuwaomba waajiri wapya uanze Januari au Juni.

Kwa familia yenye mdogo anayefuata: fungua jalada lake siku mkubwa anapoanza chuo. Kanuni za chuo chako zinaweza kumweka nyuma ya foleni kwa sababu kaka yake alishapata, na kama ni hivyo, msamaha wa karo wa chuo chako mwenyewe ndio uwe wake, huku mkubwa akitumia mabadilishano.